Ndege Iliyotoka Kwenye Sanduku

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya haikuingia nchini ikiruka. Ililetwa na meli. Mwaka 1925 ilishushwa hapa Mombasa kama mzigo mwingine wowote, imefunguliwa vipande na kufungwa. Ilikuwa aina ya DH.51 ya kampuni ya de Havilland, ambayo dunia nzima zilitengenezwa tatu tu, na mwenyewe alikuwa John Carberry, bwanyenye wa Ireland aliyekuwa na shamba upande wa Nyeri. Ikapanda bara, ikaunganishwa, na mwaka 1926 ikaruka. Baadaye ikapewa jina Miss Kenya.

Mimi huwaza sana juu ya ule mzigo. Kuna watu waliubeba. Sidhani kuna aliyejisumbua kuwaambia ndani mna nini. Waliishusha ndege ya kwanza ya nchi yao, wakalipwa ujira wao wa siku, wakaenda zao.

Nawaza hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa Shimanzi, na masanduku ndiyo maisha yetu. Huku matenki ya mafuta, kule magodauni, katikati malori yanayongoja zamu. Ukitaka kujua nini kimeingia nchini wiki hii, usisome gazeti, angalia taka zetu. Na ndani ya taka hizo kuna kitu ambacho vijana watatu wa mtaani hawakiachi kipite: lile povu jeupe gumu linalozungushiwa friji na televisheni zisivunjike njiani. Wanalikata mabawa.

Anayenikaribisha nitazame akitengeneza ni binamu yangu. Hataki jina lake litajwe, manake mamake bado anaamini zile pesa za Idi ziliishia kwenye viatu. Hana haja na ndege za kivita wala zile kubwa za abiria. Anachokipenda ni ndege ya porini, au niseme ndege ya nyika, maana sisi Wapwani neno tunalo siku nyingi. Vuka Makupa, pita Mazeras, ingia Taru: hiyo ndiyo nyika. Ndege ya nyika haihitaji lami. Bawa liko juu ya kichwa cha rubani, magurudumu ya mbele ni makubwa, mkia umekaa chini, na inatua mahali ambapo hata mtu wa boda angesimama kwanza akafikiria.

Povu linakatwa kwa kisu cha karatasi. Katikati ya bawa anapachika vijiti vya mshikaki au ufito wa mwanzi lisije likavunjika. Gundi ndiyo mtihani. Supa gluu ya kawaida inalila povu. Unaipaka, ukirudi unakuta shimo. Kwa hivyo anatumia ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto, tena isiwe moto sana. Mota, panga la mbele, sevo za gramu tisa zinazovuta usukani, risiva, rimoti na betri ya lithiamu ya volti 11.1, hivyo vyote ni vya kuagiza kutoka China, na hapo ndipo pesa za Idi zilipokwenda. Kilichobaki ni cha kuokota.

Ikishakamilika, anainyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele, kama robo ya upana wa bawa. Ikiinamisha pua kidogo, sawa. Ikikaa mkia chini, usithubutu kuirusha: itanyanyua pua, itapoteza mwendo, na bawa litaacha kubeba. Nahodha wa jahazi angelielewa hilo bila kuchorewa. Ni suala la shehena imekaa wapi. Binamu yangu anasogeza betri mbele sentimita moja, anapima tena.

Na kabla ya povu kulikuwa na tiara. Watoto wa kisiwani tumechomoa chelewa kwenye mafagio ya mama zetu, tukazifunga msalaba, tukabandika karatasi kwa uji wa ngano, tukapanda darini kungoja kusi. Mkia ukiwa mfupi tiara inazunguka kama kichaa; ukiwa mrefu hainyanyuki. Chelewa zisipolingana inaelemea upande mmoja mpaka inanasa kwenye waya za stima. Nikimuuliza binamu yangu alijifunza wapi, hutaja YouTube. Nami humkumbusha dari ya nyanya.

Tukirudi kwa Wazungu na ndege zao, nazo zilikuwa karibu na tiara kuliko unavyodhani. Gipsy Moth, iliyosambaa Kenya miaka ya mwisho ya 1920, ilikuwa ya mbao, na mabawa yake yalifunikwa kitambaa. Yalikunjika nyuma, ndege ikaweza kuegeshwa bandani. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha Wilson Airways kwa Gipsy Moth moja, na rubani wake akawa Tom Campbell Black, ambaye pia alikuwa mmoja wa walioinunua Miss Kenya baada ya Carberry. Kampuni ile ilikua ikabeba barua na abiria hadi huku Pwani, Zanzibar na Dar es Salaam, mpaka vita vya 1939 vikaifunga. Ule uwanja mdogo wa Nairobi ambako ndege za kwenda Lamu na Maasai Mara hupandiwa hadi leo unaitwa Wilson kwa sababu yake.

Lakini ndege hizo zilitua wapi, ikiwa viwanja havikuwepo? Hapo ndipo hadithi tunazoletewa huwa kimya. Mtu alifyeka majani. Mtu aling'oa visiki, akafukia mashimo ya ngiri, akawasha moto ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Usiku ukiingia, mtu alisimama na moto wa mafuta ya taa pembeni ya uwanja. Beryl Markham, aliyejifunza kurusha ndege hapa hapa Kenya na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, aliandika kitabu kizima kuhusu maisha hayo, West with the Night. Ni kitabu kizuri, sitadanganya. Ila ukikisoma ukiwa mtoto wa Shimanzi, macho yako yanabaki kwa yule aliyeshika moto.

Kuna jina moja ambalo mimi husimama kila nikilifikia. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, Gipsy Moth iliruka Voi, ikaanguka muda mfupi tu baadaye na kuwaka moto. Rubani alikuwa Denys Finch Hatton, yule ambaye filamu ya Out of Africa ya 1985 ilimpa sura ya Robert Redford. Amezikwa vilima vya Ngong na watalii huenda kuliona kaburi. Lakini ndani ya ile ndege walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Kamau, mtumishi wake. Basi, Kamau. Jina moja, bila la baba, katika nchi ambayo akina Kamau hawahesabiki. Alikuwa angani enzi ambazo Mwafrika kuwa angani lilikuwa jambo la ajabu, na hatujui hata alikaa vipi kwenye kile kiti cha mbele, aliogopa au alicheka.

Mwaka 1937 kulitokea mambo mawili ambayo hayahusiani, ila binamu yangu anayapenda yakiwa pamoja. La kwanza, Imperial Airways ilianza kupitisha ndege zake za majini, zenye mota nne na tumbo la mashua, kutoka Uingereza hadi Durban, na Mombasa ikawa kituo baada ya Kisumu. Ndege ikashuka juu ya maji kama mwari. La pili, huko Michigan, Marekani, ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo ya kujitengenezea waliyoiita Guff na kuiongoza kwa redio kutoka ardhini. Redio zenyewe wakati huo zilikuwa za valvu za kioo, nzito, zenye betri za kukutoa jasho. Kutoka pale hadi risiva ya leo, inayolingana na kipande cha kashata, ni safari ndefu, nami siielewi yote.

Vita vikaja. Mwaka 1942 meli za kivita za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao yake Kilindini, na Kipevu, mkabala na Shimanzi ng'ambo ya maji, ikawa kambi ya Catalina, ndege za majini zilizotoka kutafuta nyambizi. Kijana wa huku hakuwa na haja ya kusafiri ili aone ndege. Alikuwa akiamshwa nazo. Kuziona ndiyo ilikuwa ruhusa yake, zaidi ya hapo labda awe mbebaji, mwoshaji au mlinzi.

Baada ya vita ndipo zikaja zile ambazo binamu yangu anazichonga. Piper Super Cub ilitoka 1949: viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, mabomba ya chuma yaliyovalishwa kitambaa, na inaweza kwenda polepole, karibu kilomita 70 kwa saa, bila kuanguka. Ndiyo maana walinzi wa Tsavo waliitumia kufuata nyayo za majangili. Mwaka 1957 madaktari watatu wakaanzisha shirika la madaktari wanaoruka, ambalo leo tunaliita Amref, kwa ndege ndogo zilizotua vijijini. Na ng'ambo ya mpaka, Serengeti, Mjerumani Michael Grzimek aliipaka Dornier Do 27 yake mistari ya pundamilia, akawa anahesabu wanyama na babake, hadi tarehe 10 Januari 1959 alipogongana na tai angani akafa, akiwa na miaka 24. Binamu yangu ana Do 27 ya povu. Mistari ameichora kwa maka peni, na kwa kweli imemshinda, inafanana zaidi na punda aliyemwagikiwa wino.

Ndege za nyika na ndege za povu zinapendana kwa sababu ya mwendo huo wa polepole. Povu ni jepesi, bawa ni pana, kwa hivyo kila gramu ina nafasi kubwa ya kukalia. Ndege haikimbii, unapata muda wa kukosea na kujirekebisha. Ikianguka, unaikusanya, unayeyusha gundi, jioni inaruka tena. Hakuna atakayezikwa Ngong.

Shida ni mahali. Uwanja wa ndege wa Moi uko hapo tu Port Reitz, na bandari ni eneo la ulinzi. Kanuni za ndege zisizo na rubani zilitoka 2017, Bunge likazifuta 2018, zikaja nyingine 2020, na zote zina maana: ndege iliyojaa watu inashuka Port Reitz, hutaki kipande cha friji mbele yake. Hilo hatulipingi. Lakini tulipokwenda kuuliza tufanye nini ili tuwe halali, ofisi moja ilitutuma kwa nyingine, ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza, na katika ofisi zote mbili swali lilikuwa lile lile: nyinyi ni kampuni gani? Tulipojaribu kuitembeza tu ardhini, mota haijapandishwa, kwenye kiwanja kimoja cha kisiwani, askari mmoja alikuja akaishika akaigeuza, akatafuta kamera ambayo haikuwepo. "Hii umenunua wapi?" Binamu yangu akamwambia ameitengeneza. Akauliza tena, kwa ukali, "Nauliza, umenunua wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nadhani swali lile ni la zamani kuliko yule askari. Ndege ni kitu kinachotoka kwenye sanduku, na sanduku ni la mtu mwingine.

Siku hizi tunakwenda mbali, ufuoni kaskazini, tumeshaangalia ramani na tumeshamwomba mwenye ardhi. Tunafuata maji yakipwa, alfajiri, kusi haijaamka. Mchanga ukiwa umelowa unakuwa mgumu, kiwanja cha bure kirefu kuliko vyote vya Wilson. Wikendi iliyopita Super Cub ilikimbia hatua sita, nilizihesabu, ikanyanyuka. Mvuvi aliyekuwa akitengeneza dema alisimama kuitazama. Iliposhuka alimwita binamu yangu, "Ee mwanangu, njoo," akamwonyesha kwa kidole kwamba bawa la kushoto limekaa chini kidogo. Tulipopima nyumbani ilikuwa kweli, milimita nne.

Miss Kenya ilirudishwa Uingereza mwaka 1965. Iko kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth, mahali panapoitwa Old Warden, na bado huruka siku za maonyesho hali ya hewa ikiwa nzuri. Binamu yangu ameiona kwenye video na sasa anataka kuichonga. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, kwa hivyo hesabu yake inasema povu la friji moja halitatosha. Ameshaongea na wenye magodauni. Tunangoja mtu anunue mbili.