Mkunjo wa Kope na Bei Yake

Mzee ameketi mbele ya mashine, kidevu kwenye kibao, kidole kwenye kitufe. Vitaa vidogo vinawaka na kuzimika huku na huku, naye anabonyeza kila anapokiona kimoja. Zoezi likiisha, muuguzi anazivuta juu kope zake zilizolegea, anazibandika kwa plasta, na kazi inaanza upya. Akiona vitaa vingi zaidi safari ya pili, hasa vile vya juu, basi kope zake ni ugonjwa. Asipoona tofauti ya maana, ni uzee tu, na uzee bima haiulipii.

Kwa mgonjwa wa Marekani, kipande hicho cha plasta kina thamani ya maelfu ya dola. Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, hugharimia upasuaji wa kope pale zinapoziba macho. Kuondoa uchovu usoni ni juu ya mwenye uso. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa fani hiyo, American Society of Plastic Surgeons, kilitaja wastani wa dola 4,120, na hiyo ni ada ya daktari peke yake. Ganzi, chumba cha upasuaji, vipimo na dawa ni hesabu nyingine, na wengi hushtuka bili inapofika. Si ajabu basi kwamba kati ya 2001 na 2011 upasuaji wa kope uliodaiwa Medicare uliongezeka zaidi ya mara tatu, ukafika 136,000 kwa mwaka, na madai ya fedha yakapanda kutoka dola milioni 20 hadi milioni 80. Ni vigumu kuamini kwamba kope za wazee zililegea kwa kasi hiyo ndani ya miaka 10.

Waganga wa kale hawakuhangaika sana na mpaka huo. Huko Baghdad, miaka elfu moja iliyopita, Ali ibn Isa aliandika kitabu cha maradhi ya macho kilichotumika karne kwa karne. Kwa kope yenye ngozi iliyozidi alieleza njia isiyohitaji kisu: mganga hukusanya ngozi ya ziada, huibana katikati ya vijiti viwili, kisha huvifunga kwa nguvu kadiri iwezekanavyo. Damu ikikosa njia, ngozi hufa na kudondoka baada ya siku kama 10. Mtu kama yeye aliitwa kahhal, jina lenye asili moja na kuhl, yaani wanja. Tiba na pambo vilitoka katika kichupa kimoja.

Ulaya ndiyo iliyoanza kuvitenganisha. Mwaka 1818, Karl Ferdinand von Graefe wa Berlin aliupa upasuaji wa kope jina la kitaalamu unaloitwa mpaka leo, lakini yeye alikuwa akitengeneza kope zilizoliwa na saratani. Mtu mwenye afya kukatwa kope kwa ajili ya sura tu ni habari ya karne ya 20. Mwaka 1907, Charles Conrad Miller wa Chicago alichapisha kitabu kizima kuhusu upasuaji wa urembo, mifuko ya chini ya macho ikiwemo, wakati madaktari wenzake wengi wakiiona kazi hiyo kuwa ya matapeli.

Aliyeitetea vizuri zaidi alikuwa mwanamke. Suzanne Noël, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1878, alishiriki kutengeneza nyuso za askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye alifanya upasuaji nyumbani kwake Paris, kwa ganzi ya kawaida, na mgonjwa alirudi kwake siku hiyohiyo. Wake wa matajiri walikuja, ndiyo. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1926 Noël alisimama na wengine: wanawake wenye kazi za kuonekana na watu, ambao makunjo ya uso yalitosha kuwapotezea ajira. Kwao bei ya kope ilipimwa kwa mshahara wa mwezi ujao. Matajiri aliwatoza, wasio na uwezo aliwahudumia bure. Alikuwa pia mpigania haki za wanawake, na ukimsoma huoni kwamba aliona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Upande wa Asia, hadithi inayopendwa ni ya David Ralph Millard, daktari Mmarekani aliyefika Korea mwaka 1954 pamoja na wanajeshi wa majini. Alikwenda kutibu makovu na majeraha ya vita. Akajiwa na mkalimani Mkorea aliyelalamika kwamba Wamarekani walimwona mjanjamjanja kwa sababu ya macho yake. Alitaka mkunjo kwenye kope za juu. Millard alimfanyia, akaandika habari zake, na tangu hapo wengi husema mkunjo huo uliletwa na Wamarekani.

Tarehe zinakataa. Mwaka 1896, miaka 58 kabla ya Millard, Mjapani Mikamo alichapisha maelezo ya jinsi ya kuutengeneza kwa nyuzi tatu za hariri. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke mwenye mkunjo jicho moja, jingine halina. Hakutaka macho ya Mzungu. Alitaka macho yake mawili yafanane, na mfano wa kuigwa alikuwa nao usoni mwake mwenyewe, kama walivyo nao Waasia wengi tangu kuzaliwa.

Leo jina la biashara hii ni Gangnam, mtaa wa kitajiri wa Seoul. Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kushona tu, nyuzi zikazikwa ndani ya kope. Ni ya haraka na nafuu, ila mkunjo unaweza kufumuka. Ya pili ni kukata, ghali zaidi, na matokeo yake hudumu. Kila Novemba, mtihani wa kuingia chuo kikuu ukimalizika, kliniki hutangaza punguzo kwa mwanafunzi atakayeonyesha karatasi yake ya mtihani. Mzazi aliyelipia masomo ya ziada miaka yote sasa hulipia na kope. Serikali nayo ikaingia: kuanzia Julai 2011 mkunjo wa urembo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10, ilhali kope inayopasuliwa kwa ugonjwa haitozwi. Ni plasta ileile ya Marekani, ila hapa imeandikwa kwenye risiti.

Kuna kope ambazo hakuna anayebishana kuhusu ugonjwa wake. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilijulikana miongo mingi kwa trakoma, ambayo Watanzania huiita vikope. Maambukizi yanayojirudia tangu utotoni huacha makovu ndani ya kope. Kope hujikunja, nywele zake zikaingia ndani na kukwaruza jicho kila linapopepesa. Upasuaji wake ni wa muda mfupi, kwa ganzi, na hata muuguzi aliyefunzwa huufanya: kope hukatwa, ukingo wake ukageuzwa nje na kushonwa. Hutolewa bure. Hata hivyo watafiti waliofuatilia miaka ya 1990 waliona wanawake wengi hawaji. Nauli ilikuwa shida, na mtu wa kumsindikiza asiyeona vizuri, na nani angepika na kushika watoto siku mbili tatu. Aliyebaki nyumbani alitumia kibano, akang'oa nywele moja moja. Baada ya wiki chache huota tena, fupi na ngumu kuliko za kwanza, na kibano kinatafutwa.