Matope ya Ukambani, Matumbawe ya Malindi

Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha historia ya udongo wa Kenya bila kufungua jalada hata moja. Walikuwa wamelitoboa tumbawe la jamii ya Porites huko Malindi, wakatoa nguzo nyembamba ya jiwe, wakapima bariamu iliyomo hatua kwa hatua. Tumbawe la aina hiyo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka na kuacha alama ya kila mwaka kwenye mifupa yake. Bariamu husafiri mtoni ikiwa imeshikamana na chembe za mfinyanzi. Chembe zikikutana na maji ya chumvi huiachia, na tumbawe huipokea na kuijenga mwilini mahali ambapo ingekaa kalsiamu. Kwa hiyo anayeipima anapima matope.

Vipimo hivyo vilirudi nyuma miaka 300. Kuanzia 1700 hadi karibu na mwisho wa karne ya 19, kiwango kilikwenda bila mabadiliko makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, na hakijarudi kilipokuwa.

Matope hayo hayatoki Malindi. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Machakos, kisha huwa mpaka wa Makueni na Kitui huku ukifuata ubavu wa Uwanda wa Yatta. Ukikutana na Tsavo hubadili jina na kuitwa Galana, na karibu na pwani watu huuita Sabaki, hadi unapomwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Wakati wa kusi matope husukumwa upande wa kaskazini. Kaskazi ikivuma, wingu lile jekundu hugeuka na kushuka kusini, kuelekea miamba iliyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968. Profesa Johnson Kitheka, mtaalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui, ameandika kwa kirefu kuhusu safari hiyo ya matope katika ghuba ya Malindi. Naona inafaa kazi hiyo ifanywe na mtu aliye Kitui. Lakini sisi wa Kitui tusijitwike mzigo usio wetu: sehemu kubwa ya Kitui humwaga maji yake upande wa mito ya Tiva na Thua, si Athi. Machakos na Makueni ndizo zenye fungu kubwa, nasi tuna ukingo wa magharibi na kusini.

Ili mtu aelewe kwa nini matope yanaudhi tumbawe, pa kujifunzia pazuri ni kwenye tangi la kioo sebuleni. Waliojaribu kulifuga tumbawe mbali na bahari ndio waliogundua, kwa hasara nyingi, linahitaji nini.

Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi kutoka Torquay mwaka 1846 na kuyasafirisha hadi London ndani ya mtungi. Mwanzoni aliletewa maji mapya kutoka pwani. Baadaye akaona njia ya kutumia maji yaleyale: mtumishi wake alisimama mbele ya dirisha lililofunguliwa, akayamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, mbele na nyuma, kwa nusu saa au zaidi, yapate hewa. Thynne akaongeza mwani, na viumbe vyake vikaishi miaka mitatu hivi. Sifa zikamwendea bibi. Pampu ya kwanza ya tangi la matumbawe ilikuwa mikono ya mtumishi, na jina la mtumishi huyo halitajwi na wengi wanaoisimulia hadithi hii.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowatia Waingereza wazimu wa kufuga viumbe vya bahari. Gosse alichapisha pia kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi tofauti, ili hata aliye mbali na pwani ajaribu. Hata hivyo matumbawe ya nchi za joto, yale yanayojenga miamba kama ya Malindi, yaliendelea kufa kwenye matangi ya Ulaya kwa miaka mia moja na zaidi.

Ufumbuzi ulitoka kwenye bahari ya joto. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa mawe ya mwamba yaliyotolewa baharini yakiwa bado na viumbe vyake, jua, na mapovu machache ya hewa. Hakuwa na mtambo wowote wa maana. Ndani ya vitundu vya mawe hayo waliishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Hadi leo mwenye tangi jipya hulisubiri wiki kadhaa kabla ya kutia kiumbe cha thamani, kwa sababu bakteria hao hawaharakishwi.

Wajerumani na Waswisi waliichukua njia hiyo wakaiongezea mitambo. Peter Wilkens na wenzake walitumia taa kali, chombo kinachonasa uchafu kwenye povu na kuutoa kabla haujaoza, na maji ya chokaa yaliyodondoshwa tangini usiku ili kurudisha kalsiamu iliyoliwa na matumbawe. Msomaji wa pwani hapa lazima atabasamu. Kwa karne nyingi Waswahili walichoma matumbawe juu ya lundo la magogo, wakayamwagia maji, wakapata chokaa ya kujengea misikiti na nyumba za Gedi, Lamu na Mombasa. Mzungu naye akachukua chokaa akalirudishia tumbawe lijijenge upya.

Mahitaji ya tumbawe, basi, si mengi, ila hayana mjadala. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, kwa hiyo tangi la lita 200 hula chumvi kilo saba siku ya kwanza. Joto ni nyuzi 25 hadi 27. Kalsiamu izunguke miligramu 420 kwa lita. Juu ya hayo yote kuna mwanga. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kupika chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Maji yakiwa na matope, mwanga haufiki. Udongo ukitua juu yake, tumbawe hutoa ute kujisafisha, na ute huo ni chakula ambacho kingetumika kukua. Nitrati na fosfeti zikizidi, mwani wa kawaida huota juu ya mawe na kulifunika tumbawe. Mwenye tangi hupambana na mambo haya kwa kitambaa na ndoo ya kubadilishia maji. Malindi ina mto.

Kuna waliofanya majaribio makubwa kuliko ya sebuleni. Katika jangwa la Arizona, ndani ya jumba la vioo la Biosphere 2 lililofungwa mwaka 1991, ilijengwa bahari ndogo ya lita zaidi ya milioni 2.5 yenye mwamba wake. Ndipo Chris Langdon na wenzake walipoonyesha kwamba hewa ya ukaa ikizidi majini, matumbawe hujenga mifupa polepole. Mwaka 2013 Jamie Craggs wa makumbusho ya Horniman, London, aliyafanya matumbawe yazae ndani ya tangi kwa kuigiza majira ya joto, kuchwa kwa jua na mwezi wa kwao. Kama bahari iliwekwa Arizona, ukame wa Kitui peke yake si hoja ya kumzuia mtu. Atakayejaribu mjini Kitui atahangaika zaidi na joto la mchana, umeme unaokatika na maji. Visima vya Mutomo na Ikutha vinajulikana kwa chumvi, ila chumvi hiyo si ya bahari. Mfugaji huanza na maji yaliyochujwa hadi yasiwe na kitu, kisha hutia chumvi yake mwenyewe. Matumbawe nayo asiyafuate Malindi: kuyang'oa hifadhini ni kosa, na biashara ya matumbawe magumu kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Bahari, kwa kweli, iliwahi kuwapo hapa. Chokaa ya Mutomo na Kanziko ni mashapo ya bahari ya kale yaliyopikwa na kukandamizwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita hadi yakawa marumaru. Matumbawe tunayoyajua leo yalikuwa hayajatokea duniani.

Turudi kwenye kile kiwango cha bariamu kilichopanda. Njia ya pwani haikuwa ngeni kwa Wakamba. Misafara ya Kivoi wa Kitui ilikuwa ikishusha pembe Mombasa kabla mmisionari Krapf hajamtembelea mwaka 1849. Kilichobadilika mwishoni mwa karne hiyo ni ardhi. Njaa ya 1898 na 1899, ambayo wazee waliiita Yua ya Ngomanisye, ilikuja pamoja na reli. Kisha serikali ya kikoloni ikachora mipaka ya rizavu, na malisho ambayo watu walihamia wakati wa ukame yakawa ya walowezi au ya Mfalme. Ng'ombe walewale wakabaki kwenye vilima vilevile mwaka mzima. Mvua za kwanza baada ya kiangazi hukuta ardhi iko uchi, na humu mwetu mvua ya kwanza huwa haina subira.

Miaka ya 1930 maofisa waliona makorongo, wakamlaumu ng'ombe. Mwaka 1938 waliingia Machakos na kuanza kunyang'anya mifugo na kuiuza kwa bei ya kutupa, wakati uleule kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kilipohitaji ng'ombe wa kuchinja. Maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor, wakitaka kusikilizwa na Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Serikali ililegeza amri kabla ya mwaka kwisha. Kwa maoni yangu maofisa hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Walikosea kuhusu nani aliyeuleta, na dawa yao iliharibu jina la hifadhi ya udongo kwa kizazi kizima.

Kazi yenyewe ilikuja kufanywa na watu baadaye, kwa hiari, kwenye vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya. Tuta la fanya juu ndilo lililoshinda: mtu huchimba mtaro kukata mteremko, hurusha udongo upande wa juu, hupanda majani kwenye kingo, na baada ya misimu michache shamba hujisawazisha lenyewe. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliotoka 1994, ulionyesha kwamba Machakos ya zamani, iliyokuwa bado na Makueni ndani yake, iliongezeka watu mara kadhaa tangu 1930 huku mmomonyoko ukipungua mashambani.

Mabwawa ya mchanga yakafuata. Huko Utooni kikundi cha Joshua Mukusya kilianza mwaka 1978, na Kitui shirika la SASOL likajenga mamia kuanzia miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji hufungwa kwenye korongo hadi kwenye mwamba. Mafuriko huleta mchanga na matope. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, matope mepesi hupita juu. Katikati ya kiangazi mama hufukua shimo kwa kata, husubiri, na maji safi hupanda polepole kati ya chembe. Mfugaji wa matumbawe angeutambua mchanga ule mara moja: ni chujio.

Je, Malindi ilipona? Tim McClanahan na David Obura waliichunguza miamba hiyo miaka ya 1990 wakitarajia uharibifu mkubwa kuliko walioukuta. Aina zinazovumilia matope zilikuwa zimechukua nafasi, lakini mwamba ulikuwa hai. Kilichoua matumbawe ya Kenya kwa wingi ni joto la bahari la 1998. Hilo halizuiwi na tuta wala bwawa la Ukambani. Ila mwenye tangi anajua kwamba tumbawe lililodhoofishwa na maji machafu huchelewa kuinuka baada ya joto, na usafi wa maji ndio upande ulio mikononi mwetu.

Hesabu sasa inahamia Thwake, pale mto wa jina hilo unapoingia Athi, ambako ujenzi wa bwawa kubwa ulianza 2018. Ukuta huo utazuia matope mengi yasifike baharini, na utakusanya pia maji yanayobeba taka za Nairobi. Kila tani ya udongo itakayotua humo itakula nafasi ya maji ya watu wa Makueni na Kitui. Sheria ya mchanga ya kaunti ya Makueni ya mwaka 2015, iliyotungwa kuwadhibiti wachimbaji wa mchanga kwenye mito, sasa ina kazi ambayo watunzi wake hawakuiandikia kifungu: kulinda kina cha bwawa.