Dedlaini, Wadau na Bajeti: Iulize Reli ya 1896

Kuna lugha fulani inazungumzwa kwenye mikutano ya Zoom na vikundi vya WhatsApp vya kazi, na kama wewe ni intani ama ndio umepata gigi yako ya kwanza, hakuna mtu hukaa chini akakufunza. Mawanda. Wadau. Dedlaini. Njia ya lazima. Akiba ya dharura. Unatikisa kichwa kama umeelewa, mkutano unaisha, halafu wiki moja baadaye unagundua ulikuwa unakubali kufanya kazi ya watu watatu. Mimi haya maneno siyaoni kama maneno ya ofisi tu. Ni maneno ya pesa na ya nani atabebeshwa lawama, na yana historia nzito kuliko vile yanavyofunzwa kwenye kozi za wikendi.

Sasa badala ya kukupea orodha ya maana ukariri, nataka tuyapime kwa mradi mmoja ambao kila mtu aliyesoma shule hapa Kenya anaujua nusu: Reli ya Uganda, 1896 hadi 1901. Nasema nusu juu wengi wetu tulifunzwa simba wa Tsavo tukaachwa hapo.

Tuanze na mawanda, ile kitu mameneja huita skopu. Ni mpaka wa kazi: nini kiko ndani, nini kiko nje. Kwa hii reli mawanda yalionekana rahisi hata mtoto angeyachora kwa penseli. Anza Mombasa, fika Ziwa Victoria. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza likapitisha pauni milioni 3. Reli ilipofika ziwani, bili ilikuwa karibu milioni 5 na nusu.

Kabla ucheke, angalia vile ilitokea. Zile hesabu za mwanzo zilitegemea upimaji wa njia uliofanywa 1891 na 1892 na kikosi cha Kapteni Macdonald, watu waliopita nchini kwa miguu na kuondoka. Halafu kazi ilipoanza, karibu kila kitu kilitoka ng'ambo: vyuma vya reli, mataruma, injini, hata wafanyakazi, kama 32,000 hivi walioletwa kutoka India kwa mikataba. Punda na ng'ombe wa kuvuta mizigo waliumwa na mbung'o wakafa. Kule nyika ya Taru maji yenyewe yalibebwa kwa treni, yaani treni ilikuwa inabeba maji ya watu wanaojenga njia ya treni.

Hapa ndipo utofauti wa maneno mawili unaanza kuuma. Makadirio si bajeti. Makadirio ni kubahatisha kwa akili, ukitumia kile unachojua saa hii, na kadri unavyojua zaidi unafaa kuyabadilisha. Bajeti ni pesa mtu amekubali kutoa. Shida huja pale mtu anachukua makadirio ya mtu aliyepita njia mara moja na kuyageuza bajeti, bila akiba ya dharura ya maana, ile pesa unaweka kando juu unajua kitu kitaharibika ingawa hujui ni kipi. Nimeshaona hii kwa kazi yangu ya kuhariri video. Mteja mmoja alituma ujumbe Ijumaa usiku: "hako kaklipu ni kazi ya dakika mbili tu." Kufika Jumatatu kaklipu kamezaa manukuu, muziki na matoleo matatu ya simu. Huko ndiko kuvimba kwa mradi. Hakuna siku mtu anakuambia ameongeza kazi. Inaongezwa kwa "tu".

Kuna neno lingine hapa linapendeza sana ukilijua asili yake. Wanaposema mradi umefika hatua fulani, kwa Kiingereza wanatumia neno la jiwe la maili, yale mawe Warumi walikuwa wanasimamisha kando ya barabara zao kuonyesha umbali. Kwa reli yetu hii haikuwa fumbo. Maili ndiyo ilikuwa anwani. Mwezi wa Mei 1899 vyuma vilifika maili ya 327 hivi, mahali tambarare penye maji na kinamasi, penye nafasi ya kupanga vifaa kabla ya kupanda milima. Wakaweka bohari, karakana na mahema. Mahali penyewe Wamaasai walikuwa wanapaita kwa jina la maji baridi. Ndiyo, Nairobi. Sisi wote tunaolia na kodi ya nyumba hapa tunaishi ndani ya stoo ya mradi iliyokataa kufungwa.

Simba sasa. Kila mradi unafaa kuwa na orodha ya hatari: nini kinaweza kwenda vibaya, uwezekano wake ni upi, kikitokea kitaumiza kiasi gani. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo walisimamisha kazi ya daraja hadi John Patterson akawaua mwezi wa Desemba. Hadithi nzuri, na 1996 Hollywood ikaitengenezea filamu. Waliouawa ni wangapi? Patterson mwenyewe baadaye aliandika 135, rekodi za reli zinataja 28. Chukua hata hiyo kubwa. Wafanyakazi Wahindi waliokufa kwa mradi wote ni karibu 2,500, na njia nzima ilikuwa maili 582. Ni zaidi ya watu 4 kwa kila maili. Hao wengine hawakuliwa na mtu yeyote. Ilikuwa malaria, kuhara, vidonda na ajali. Na hiyo hesabu ni ya Wahindi, si ya Waafrika waliofanya kazi pamoja nao. Hatari yenye meno hupata filamu. Hatari ya maji machafu hupata mstari mmoja kwenye ripoti, na hivyo ndivyo miradi mingi huua watu hadi leo.

Njia ya lazima ndiyo neno ninalolipenda kuliko yote, na ndilo watu wengi hulitumia vibaya, wakidhani ni kazi muhimu tu. Hapana. Ni ule mfululizo wa kazi ambazo ukichelewesha moja kwa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Fikiria unapika chapati na maharagwe ambayo bado hayajachemshwa. Maharagwe ndiyo njia ya lazima. Unga unaweza kuukanda saa hii ama baada ya saa moja, chakula kitaiva saa ile ile. Hiyo saa ya kuchezacheza ndiyo nafasi. Hesabu yenyewe ilitengenezwa Marekani 1957 na James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont, wakitumia kompyuta ya UNIVAC. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likatoa mbinu inayofanana nayo kwa ajili ya makombora ya Polaris. Kwa hivyo hiyo programu unayotumia kupanga harusi ya dada yako ina damu ya viwanda na nyambizi.

Wahandisi wa reli hawakuwa na UNIVAC, lakini walielewa. Walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, ile ngazi kubwa ya kushuka kutoka Limuru, njia ya kudumu ilihitaji madaraja mengi na muda mrefu. Wangengoja, kila mtu upande wa mbele angekaa bure. Wakajenga miteremko ya muda, wakawa wanashusha mabehewa kwa kamba za chuma hadi chini ya bonde, halafu vyuma vikaendelea kulazwa kuelekea Naivasha huku nyuma madaraja yakijengwa polepole. Waliitoa kazi ya madaraja kwenye njia ya lazima. Wazimu kiasi, lakini ni akili.

Na ile chati yenye mistari ya rangi, moja chini ya nyingine? Inaitwa ya Gantt, kwa jina la Mmarekani Henry Gantt, aliyeitumia miaka ya 1910 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Ila mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alikuwa ameshabuni kitu kama hicho 1896, mwaka ule ule chuma cha kwanza kinalazwa Mombasa. Hakutangaza kwa lugha ambayo wakubwa wa viwanda walisoma, hivyo jina likaenda kwa mwingine. Watu wa kontenti mnaelewa hiyo hisia.

Dedlaini ni giza kidogo. Redio zetu husema makataa, neno lenye heshima zake. Lakini hili la Kiingereza ni maneno mawili yaliyoshikanishwa, mstari wa kifo, na halikuwa mzaha. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kulikuwa na kambi ya wafungwa Andersonville, Georgia. Kama mita 6 hivi ndani ya ukuta kulikuwa na uzio mfupi wa mbao. Mfungwa akiuvuka, ama hata akiugusa, mlinzi alipiga risasi bila kuuliza. Wafungwa karibu 45,000 walipitia hapo, karibu 13,000 wakafa, wengi kwa njaa na magonjwa. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alishtakiwa na kunyongwa 1865. Baadaye magazeti ya Marekani yakalichukua hilo neno likawa la saa ya mwisho ya kuwasilisha habari. Kwa hivyo meneja akikuandikia saa 5 usiku ati dedlaini ni kesho asubuhi, jua tu neno lenyewe limetoka mahali ambapo mwenye bunduki ndiye aliyechora mstari na mwenye njaa hakuulizwa. Kuuliza "hii tarehe imetoka wapi?" si utovu wa nidhamu.

Wadau sasa, na hapa Kiswahili kinanifurahisha. Dau ni ile pesa unaweka kwenye mchezo wa kamari. Ukiwahi kubashiri mechi kwa simu unalijua, "weka dau". Kiingereza nacho neno lake lilianza kama mtu anayeshika pesa za watu wawili waliopinzana hadi mshindi ajulikane. Miaka ya 1960 wasomi wa biashara wakalipea maana mpya: kila mtu ambaye mradi utamgusa, awe amewekeza ama hajawekeza. Mgeuko mkubwa huo. Kutoka kwa anayeshika pesa hadi kwa anayepitiwa shambani.

Kwa Reli ya Uganda, waliohesabiwa ni Bunge, Wizara ya Mambo ya Nje na wenye viwanda vya vyuma. Wanandi hawakuwa kwenye orodha. Walichokiona wao ni watu wageni wakivuta waya na vyuma nchini mwao bila mazungumzo, basi wakazichukua waya za simu wakatengeneza mapambo, na bolti za reli wakazifua silaha. Kwenye ripoti za wakoloni huo ni wizi na uharibifu. Mimi nasoma kama maoni ya mdau aliyenyimwa mkutano. Upinzani huo uliendelea hadi Oktoba 1905, pale Koitalel arap Samoei alipoenda kwenye kikao kilichoitwa cha amani na Richard Meinertzhagen akampiga risasi.

Katiba yetu ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa umma kwenye kifungu cha 10, sasa kuna vikao na fomu. Lakini reli ya pili, SGR, ilianza kubeba abiria Mombasa hadi Nairobi 2017, na ilikuwa Novemba 2022 ndipo serikali ilipotoa hadharani sehemu ya mikataba yake ya mkopo. Sisi ndio tunalipa. Kwa lugha ya kamari, dau lilikuwa letu na tikiti ikafichwa miaka 5.

Mwisho kuna kile kinachokabidhiwa, yaani kitu chenyewe mlikubaliana mteja atapokea. Tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston, mke wa mhandisi, alipiga msumari wa mwisho pale Kisumu. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda, kwa hivyo kwa karatasi mradi ulikuwa umetimia: reli ya Uganda imefika Uganda. Mwaka uliofuata Waingereza wakausogeza mpaka, mkoa huo ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na reli ikabaki haijagusa Uganda hata kidogo ila bado inabeba jina lake. Deni nalo lilibaki. Ili treni ipate mizigo na pesa zirudi, walowezi wakakaribishwa kwenye ardhi za watu kando ya njia, na wenye ardhi wakaanza kutozwa kodi ya kibanda.

Kampala yenyewe treni ilifika 1931, miaka 35 baada ya chuma cha kwanza pale Mombasa. Jaribu kuchora hiyo kwenye chati ya Gantt. Mstari utatoka kwenye karatasi, upite dirisha, ufike kwa jirani.