Vidhibiti vya besi na trebo

Vidhibiti vya besi na trebo ni vifundo vya amplifaya au redio vinavyoongeza au kupunguza nguvu ya sauti nzito na sauti nyembamba, bila kugusa sana sauti za kati. Besi hubeba gitaa zito na ngoma kubwa. Trebo hubeba matoazi, kayamba na mlio mkali wa herufi "s" mwimbaji anapotamka.

Saketi iliyoenea zaidi ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Peter Baxandall, aliyeichapisha katika jarida la Wireless World mwaka 1952. Vifundo vyake vikiwa katikati, sauti hupita karibu kama ilivyorekodiwa.

Marekebisho mazuri huanzia hapo katikati, na mara nyingi kupunguza kunafaa kuliko kuongeza. Kupandisha besi kwa desibeli 10 hudai nguvu mara 10 kutoka kwa amplifaya katika masafa hayo. Spika ndogo hukwaruza mapema na huweza kuungua. Chumba nacho huchangia mno. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi, hivyo ni vyema kuisogeza mbali na ukuta kabla ya kugusa kifundo chochote. Mapazia mazito na makochi hufyonza trebo. Sakafu tupu ya saruji huirudisha kwa ukali.

Sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi kwanza, jambo lililopimwa na watafiti Fletcher na Munson wa maabara ya Bell Labs mwaka 1933. Ndiyo maana redio inapopunguzwa usiku, kuongeza besi kidogo hurejesha uwiano.