Maikrofoni Iliwekwa Wapi?

Tunapoisimulia historia ya muziki wetu tunataja waimbaji, bendi na nyimbo. Leo nataka kuuliza swali ambalo wengi huliruka: siku ile ya kurekodi, maikrofoni iliwekwa wapi? Maana kilichotufikia sisi ni kile tu ilichokisikia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay, India, kwenda kurekodi santuri. Wakati huo mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine. Mwaka 1950 mambo yakageuka. Mwingereza Hugh Tracey aliingia Tanganyika na mitambo yake, akawafuata Wagogo, Wanyamwezi, Wasukuma na Wahaya huko huko kwao. Alipenda kurekodi nje, na maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza kwa huyu na kwa yule. Basi tunaposikiliza kazi zake tunasikia zeze na marimba, lakini pia tunasikia mkono wa Tracey. Yeye ndiye aliyeamua nani awe mbele na nani awe nyuma. Tena santuri ya siku zile ilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo ngoma ya kukesha ilibidi ikatwe.

Kisha ikaja Radio Tanzania, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo ilikuwa mlango mkuu wa bendi kurekodi. Leo mlango huo tunao mfukoni, ndani ya simu. Lakini je, tunajua kuufungua?

Kwa nini kurekodi nje kunasaidia? Kwa sababu uwanjani hakuna kuta za kuirudisha sauti. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara uliowatesa wasikilizaji: neno likitamkwa lilibaki likivuma sekunde 5 na nusu hivi. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akaambiwa autibu. Usiku, mji ukiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo na kupima. Kadiri mito ilivyozidi ndivyo mvumo ulivyopungua, hadi ukakaribia sekunde moja. Mito ya viti, bwana!

Hapa kwetu Tunduma nje nako kuna kazi yake. Malori ya kwenda na kutoka Zambia hayajui kama unarekodi. Ukiingia ndani unakutana na ukuta wa tofali, sakafu ya saruji na bati juu, vyote vinarudisha sauti kama mpira. Basi nimejifunza kwa Sabine. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja apigaye zeze, nami naandika riwaya ambayo ndani yake mna mpiga zeze. Nilipomwomba nimrekodi nilisimamisha godoro nyuma yake na kutundika mablanketi pembeni. Akacheka: "Mjukuu wangu, mbona wanizungushia mablanketi kama mgonjwa?" Nikamjibu, "Babu, mgonjwa ni chumba."

Halafu kuna umbali. Ukiuongeza mara mbili, nguvu ya sauti inayotoka moja kwa moja kwenye chombo hubaki robo, lakini mvumo wa chumba unabaki karibu vilevile. Ndiyo maana simu iliyowekwa mbali huleta chumba badala ya babu. Ukiibandika karibu mno na uta nako utapata mkwaruzo tu, kibuyu kimemezwa. Mimi huanzia kama nusu mita, nikiielekeza kati ya uta na kibuyu, kisha nasogeza kidogo kidogo huku nasikiliza. Kwa gitaa usiielekeze kwenye tundu, litanguruma; ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo.

Vijana wenzangu wa studio hunibishia. Wanasema zeze kavu halina utamu, ongeza mwangwi wa kompyuta liwe kama liko kanisani. Mimi sikatai mwangwi. Nasema hivi: ule wa kompyuta unaweza kuuongeza hata kesho, lakini wa bati ukishaingia, kuutoa ni shughuli pevu. Hifadhi kwanza sauti safi, mapambo baadaye.

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, lakini ngoma zake ni za tangu na tangu, na wanaozijua wanazeeka. Tusingoje mwingine aje na gari lake atuchagulie wa kusikika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Godoro unalo, blanketi unalo, simu unayo. Kamwamkie mzee wako, umwombe apige, kisha ufikiri vizuri pa kuiweka hiyo simu.