Uhalali na uthabiti wa madodoso ya shughuli za mwili

Madodoso ya shughuli za mwili (pia: hojaji za shughuli za mwili) ni orodha za maswali ambayo mtu mzima hujibu ili kueleza ni kwa kiasi gani anatumia nguvu za mwili kazini, nyumbani, njiani na wakati wa mapumziko. Majibu yanatokana na kumbukumbu na maelezo ya mhusika mwenyewe, si kipimo cha kifaa. Kwa sababu hiyo kila dodoso hupimwa kwa maswali mawili kabla ya kuaminiwa. La kwanza: je, likirudiwa kwa mtu ambaye hajabadilika, linatoa jibu lile lile? Huo ni uthabiti. La pili: je, jibu hilo linalingana na kile alichokifanya kweli? Huo ni uhalali.

Maneno hayo mawili huchanganywa mara nyingi, hata katika tasnifu za vyuo. Saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika 20 leo, kesho na mwezi ujao ni thabiti, lakini haisemi kweli. Madodoso mengi ya shughuli za mwili yanafanana na saa hiyo: yana uthabiti wa kuridhisha, uhalali wake ni mdogo, na kwa kawaida yanakosea upande wa kuzidisha. Tofauti ni kwamba kosa la saa linajulikana na linaweza kutolewa, ilhali kosa la dodoso hubadilika kutoka mtu hadi mtu.

Historia fupi

Uchunguzi wa kwanza maarufu kuhusu shughuli za mwili na maradhi ya moyo haukutumia dodoso. Jerry Morris na wenzake, katika makala iliyochapishwa mwaka 1953, walilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London, ambao hukaa kutwa, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Kazi ya mtu ilitosha kuwa kipimo. Baadaye, kazi za kukaa zilipoongezeka, ilibidi watu waulizwe. Nchini Marekani Ralph Paffenbarger aliwatumia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard maswali kuhusu ngazi walizopanda, umbali waliotembea na michezo waliyocheza. Mwaka 1978 alionyesha kwamba waliotumia chini ya kilokalori 2,000 kwa wiki katika shughuli hizo walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 64.

Kila kundi la watafiti lilikuwa na maswali yake, hivyo nchi hazikuweza kulinganishwa. Mkutano uliofanyika Geneva mwaka 1998 ulianzisha Dodoso la Kimataifa la Shughuli za Mwili, linalojulikana kwa kifupi kama IPAQ, lenye umbo refu na umbo fupi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitengeneza dodoso lake, GPAQ, kwa ajili ya tafiti za kitaifa za vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ziitwazo STEPS. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimefanya tafiti hizo, kwa hiyo takwimu nyingi za kitaifa za Afrika Mashariki kuhusu jambo hili zinatokana na GPAQ.

Jinsi majibu yanavyogeuzwa kuwa namba

IPAQ huuliza kuhusu siku saba zilizopita. GPAQ, yenye maswali 16, huuliza kuhusu wiki ya kawaida na hugawa maisha katika kazi, usafiri na mapumziko, kisha huongeza swali moja la muda wa kukaa. Kazi za nyumbani huhesabiwa pamoja na kazi.

Muda unaotajwa huzidishwa kwa kizio kiitwacho MET. MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa ametulia. Katika GPAQ shughuli za nguvu za wastani, na safari za miguu au baiskeli, hupewa MET 4. Shughuli za nguvu nyingi hupewa 8. Anayefikisha MET-dakika 600 kwa wiki huhesabiwa kuwa ametimiza kiwango cha chini.

Mfano utaonyesha mahali ambapo kosa huumiza. Mkulima wa jembe la mkono anayesema analima saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anapata dakika 240 × 5 × 8, yaani 9,600. Kama amezidisha kwa saa nzima kila siku, ukweli ni 7,200. Kosa lake ni kubwa mno, MET-dakika 2,400, lakini halibadilishi chochote katika ripoti ya taifa, kwa maana bado yuko juu sana ya 600. Karani wa ofisini anayetembea dakika 20 kwenda kazini, siku 5, ana 20 × 5 × 4 = 400, na hajafikia kiwango. Akisema tu “kama nusu saa hivi”, anapata 600 na anahamia upande wa waliofaulu. Dakika 10 za karani zinabadilisha takwimu kuliko saa nzima ya mkulima. Kwa upande mwingine, mtu akitaka wastani wa nchi badala ya asilimia ya waliofaulu, ni mkulima anayeuvuruga. Ndiyo sababu wachambuzi hupendelea namba ya katikati (mediani), na kanuni za uchambuzi huondoa majibu yanayozidi saa 16 kwa siku.

Uthabiti

Njia ya kawaida ni kumuuliza mtu yule yule mara mbili na kulinganisha majibu. Matokeo hutolewa kama kipimo cha uwiano, ambapo 0 ina maana kuwa majibu hayahusiani kabisa na 1 kuwa wahojiwa wamebaki katika mpangilio ule ule. IPAQ ilipojaribiwa mwaka 2000 katika vituo 14 vya nchi 12, uwiano ulikuwa karibu na 0.8. GPAQ ilijaribiwa katika nchi tisa, zikiwamo Ethiopia na Afrika Kusini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuwa kati ya 0.67 na 0.81. Hizo ni namba nzuri.

Muda kati ya maswali mawili una mtego wake. Ukiwa mfupi, mhojiwa hukumbuka alichojibu badala ya alichofanya. Ukiwa mrefu, maisha yenyewe yamebadilika: aliyeulizwa wakati wa palizi na kurudiwa baada ya mavuno atatoa majibu tofauti ambayo yote mawili ni ya kweli. Kwa wakulima hata maneno “wiki ya kawaida” yana utata, kwani wiki ya masika na wiki ya kiangazi hazifanani.

Uhalali

Hapa dodoso hulinganishwa na kipimo kinachoaminika zaidi. Kinachotumiwa sana ni akselerometa, kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni au mkononi na kurekodi mwendo. Kipimo kinachoheshimiwa zaidi kwa jumla ya nishati ni maji yenye isotopi: mtu hunywa maji yenye aina nzito za hidrojeni na oksijeni, na jinsi zinavyopungua katika mkojo huonyesha dioksidi ya kaboni aliyoitoa, na hivyo nishati aliyotumia. Njia hiyo ni ghali, nayo haisemi nishati ilitumika kwa kazi gani.

Katika jaribio la mwaka 2000, uwiano kati ya IPAQ na akselerometa ulikuwa karibu na 0.3. Kwa GPAQ ulikuwa kati ya 0.06 na 0.35. Ukizidisha 0.3 kwa yenyewe unapata 0.09, maana yake dodoso linaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti kati ya watu. Mapitio ya mwaka 2008 yaliyokusanya tafiti nyingi za watu wazima yalikuta uwiano kuanzia -0.71 hadi 0.96, mtawanyiko unaomzuia mtu kusema kwa jumla kwamba madodoso “ni halali” au “si halali”. Kuhusu umbo fupi la IPAQ, mapitio ya mwaka 2011 yalikuta kwamba linazidisha kwa wastani wa asilimia 84 likilinganishwa na vifaa.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha uzito wa jambo hili kwa sera. Katika utafiti wa afya wa England wa mwaka 2008, kwa maelezo yao wenyewe asilimia 39 ya wanaume na 29 ya wanawake walitimiza kiwango kilichopendekezwa wakati huo. Baadhi yao walipovaa akselerometa, ilikuwa asilimia 6 ya wanaume na 4 ya wanawake. Waziri anayesoma namba ya kwanza ataona nchi yenye tatizo. Anayesoma ya pili ataona nchi ambayo karibu kila mtu ana tatizo.

Hata hivyo si haki kulitupia dodoso lawama zote. Akselerometa ya kiunoni huona kidogo sana mtu anapoendesha baiskeli, na haijui kama anayetembea amebeba ndoo ya lita 20 kichwani. Mipaka ya kile kinachoitwa nguvu za wastani iliwekwa kwa kiasi kikubwa katika maabara, kwa watu waliotembea kwenye mashine. Aidha kiwango cha MET ni kimoja kwa wote, wakati mzee hutumia juhudi kubwa kwa mwendo ambao kijana hauhisi. Sehemu ya pengo ni ya dodoso, sehemu ni ya kifaa, na sehemu inatokana na kwamba hivyo viwili havipimi kitu kimoja.

Kwa nini watu huzidisha

Wachache hudanganya kwa makusudi. Mwendo wa kila siku hauachi alama katika kumbukumbu: mtu hukumbuka mechi ya Jumamosi, hakumbuki mara ngapi aliinuka kwenda jikoni. Anapolazimika kutaja dakika hukadiria kwa mafungu ya nusu saa na saa, na huhesabu muda wote aliokuwa uwanjani pamoja na muda wa kufunga viatu na kupiga soga. Tena kuna haya: anajua jibu linalosifiwa, hasa anayeuliza akiwa amevaa koti jeupe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulipima watu wanene waliodai kwamba hawapungui licha ya kujinyima. Ulikuta walizidisha shughuli zao za mwili kwa asilimia 51 na kupunguza chakula walichokitaja kwa asilimia 47.

Maswali kwa Kiswahili

Dodoso lililothibitishwa kwa Kiingereza halijathibitishwa kwa Kiswahili. Tafsiri inahitaji kurudishwa katika lugha ya awali na mtu mwingine, kisha kujaribiwa kwa wahojiwa halisi, na baadhi ya mitego haionekani mpaka mtu aulizwe uso kwa uso.

Mtego wa kwanza ni neno *mazoezi*. Kwa wasemaji wengi mazoezi ni kukimbia asubuhi, mpira au kwenda jimu. Mwanamke anayeteka maji, kutwanga na kupalilia atajibu kwa unyofu kwamba hafanyi mazoezi, naye ndiye mwenye shughuli nyingi kuliko wote katika mtaa. Wa pili ni *kutembea*, ambalo pia lina maana ya kwenda kuzuru watu: “Wiki iliyopita ulitembea?” linaweza kujibiwa “Hapana, nilikuwa nyumbani tu” na mtu anayekwenda sokoni kwa miguu kila siku. “Kwenda kwa miguu” ni salama zaidi. Wa tatu ni saa. “Unalima saa ngapi?” ni swali la wakati kwa wengi, na jibu “saa mbili” ni saa mbili asubuhi, si muda wa dakika 120. Mhojaji asiye makini ataandika 2 na kusonga mbele. Inafaa kuuliza “kwa muda gani”, au kuuliza saa ya kuanza na ya kumaliza kisha kutoa.

Kuhusu nguvu nyingi na nguvu za wastani, wahojaji wa STEPS hutumia kadi za picha zenye mifano ya kazi za nchi husika. Bila kadi hizo maneno hayo ni matupu. Kipimo kinachosaidia ni pumzi: kazi ya wastani huongeza pumzi kidogo, nzito humfanya mtu ahemehe.

Matumizi yanayofaa na yasiyofaa

Dodoso linafaa kupanga makundi makubwa kutoka walio na shughuli chache hadi walio na nyingi, na kuonyesha shughuli zinatokea wapi: shambani, njiani au uwanjani. Kifaa hakiwezi kueleza hilo la pili. Makadirio ya WHO yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyotegemea maelezo ya watu wenyewe, yaliweka watu wazima wasio na shughuli za kutosha kuwa takriban asilimia 6 Uganda na 67 Kuwait. Namba kamili zinaweza kubishaniwa. Mpangilio ni vigumu kuubisha. Vifaa navyo vinaonyesha kwamba viwango vikubwa katika eneo letu si majigambo matupu: Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, walipovalishwa vipimo vya mapigo ya moyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walikuwa na takriban dakika 135 kwa siku za shughuli za wastani au zaidi.

Dodoso halifai kumwambia mgonjwa mmoja wa kisukari kwamba amefikia dakika zake. Linapungua nguvu pia katika kupima kama mradi wa afya umefaulu, kwani waliofundishwa kuhusu shughuli za mwili hujifunza pia jibu linalotarajiwa, na kundi lao litaonekana limeongezeka hata kama miguu haikusogea. Na katika tafiti za maradhi, makosa yasiyo na mpangilio kwa kawaida hufifisha uhusiano badala ya kuuzidisha, hivyo faida za shughuli za mwili huenda ni kubwa kuliko madodoso yanavyoonyesha.

Jambo la mwisho la kuangaliwa na anayelinganisha miaka ni kanuni ya dakika 10. IPAQ na GPAQ huuliza tu shughuli zilizodumu angalau dakika 10 mfululizo, kwa kufuata mwongozo wa zamani. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020, unaopendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za nguvu za wastani kwa wiki au 75 hadi 150 za nguvu nyingi, uliondoa sharti hilo. Dodoso likibadilishwa kuufuata, dakika zitaongezeka bila mtu yeyote kutembea hatua moja ya ziada.