Ngazi ya sauti tano ilikuwa Nyeri kabla ya gitaa

Kijana wa Giakanja anayejifunza gitaa siku hizi haanzii mbali: la, do, re, mi, so. Walimu wa mitandaoni huiita ngazi hii pentatoniki maina, na huihusisha na bluzi ya Wamarekani weusi. Basi kijana hudhani ameazima kitu cha ng'ambo. Historia inasema vingine.

Nyimbo nyingi za jadi za Wagĩkũyũ zilijengwa kwa sauti tano. Wamisheni wa Kanisa la Skoti walifungua kituo cha Tumutumu mwaka wa 1908. Katika shule nyingi za misheni Afrika, nyimbo zilifundishwa kwa solfa, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Solfa ina sauti saba, na ndiyo iliyokuja kuitwa muziki "kamili".

Kumbe hata Waskoti kwao wana nyimbo za sauti tano! Auld Lang Syne, wimbo wao wa kuagana, hauna fa wala ti.

Sauti hizo mbili ndizo zinazoleta nusu-hatua: mi kwenda fa, ti kwenda do. Ukiziondoa, zilizobaki hazigongani kwa urahisi. Ndiyo maana anayeanza gitaa hupewa ngazi hii kwanza.

Je, "maina" ni nini? Neno limetokana na Kilatini, maana yake "dogo zaidi". Kilicho kidogo si wimbo wala hadhi yake, bali ni mwanya: kutoka la hadi do ni nusu-hatua tatu, ilhali kutoka do hadi mi ni nne. Sauti ni zile zile tano; kinachobadilika ni ile inayofanywa nyumbani. Wimbo ukitulia kwenye do, ngazi ni meja. Ukitulia kwenye la, ni maina.

Kuiita "ngazi ndogo", basi, kunapotosha. "Ngazi tano ya la" ingeeleweka upesi zaidi. Hebu mwalimu aanze na wimbo ambao mwanafunzi aliusikia kwa nyanyake, amwulize unatulia wapi, ndipo ampe gitaa. Jina la kigeni litakuja baadaye, likute sikio tayari linajua.